Kocha, pumzi ilinikatikia baharini

SWALI: Shikamoo Kocha. Nina miaka 34, naishi Umoja. Bwawa la mita 25 nalivuka mara 30 bila kusimama. Mwezi uliopita nilishiriki trayathloni yangu ya kwanza huko Pwani, yaani kuogelea, baiskeli na mbio kwa mfululizo. Kuogelea kulikuwa mita 750. Hata boya la kwanza sijafika, mtu akanipiga teke la miwani. Pumzi ikakata, kifua kikabana. Nikaudaka mtumbwi wa waokoaji, wakanipandisha, mchezo ukaishia hapo. Je, niachane na maji nibaki na mbio na baiskeli? – Mama Wawili, Nairobi

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza, kushika mtumbwi si kosa. Kanuni zinakuruhusu kushika boya au mtumbwi upumzike, mradi usikusogeze mbele. Ungekaa hapo dakika mbili ukaendelea. Sijui kwa nini hili haliambiwi watu mapema.

Sasa tuhesabu. Ukivuka bwawa mara 30, unagusa ukuta mara 29 kabla ya kumaliza. Kila ukigusa unajisukuma kwa miguu, unateleza, unaiba pumzi. Chini kuna mstari mweusi wa kukuongoza. Kwa hiyo mita 750 bado hujaziogelea. Umeogelea mita 25 mara 30.

Na ile pumzi haikukatika, ilikwama. Mtu akishtuka hubana hewa kifuani, hewa chafu inajikusanya, mwili unapiga kelele. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, lakini siku moja jani la mwani lilinipitia shingoni nikatapatapa kama kuku kisimani. Nilichofanya ni kulala chali na kuvuma, mmmm, mpaka mapafu yakawa matupu. Maji ya chumvi hukubeba kuliko ya bwawani, yaachie kazi hiyo.

Kwa hiyo nenda bwawani Jumapili asubuhi, kabla watoto hawajajaa. Geuka mita 2 kabla ya ukuta, usiuguse. Piga mikono sita umefumba macho, kisha yainue juu ya maji kama mamba, utafute chupa uliyoiweka ukingoni. Waite wenzako wawili mbanane kwenye njia moja, wakukanyage, wakuvue miwani. Kila wakikuvua, lala chali, vuma, endelea. Rudia mpaka uchoke kushtuka.

Safari ijayo chagua msimu wa kaskazi, upepo wa Desemba hadi Machi. Kusi, upepo wa katikati ya mwaka, huchafua bahari. Fika siku mbili mapema, uingie majini na mwenzako. Siku yenyewe kaa pembeni, kipenga kikilia hesabu hadi 15 ndipo uanze.

Ila kama ulikohoa povu la rangi ya waridi, au kifua kiliendelea kubana ulipotoka majini, hiyo si hofu. Muone daktari kabla ya kurudi hata bwawani.

Mbio na baiskeli bila maji zipo, zinaitwa duathloni, wala si aibu. Lakini ungekuwa unazitaka hizo, usingeniandikia mimi.

Na mkanda wa miwani uvae chini ya kofia, si juu yake. Teke likija, miwani inabaki.