Kinundu kwenye kibofu: ulizia kipimo cha kinyama kabla ya kulia saratani

Mtu akikojoa damu, akapigwa altrasaundi na kuambiwa kibofu kina uvimbe, kwetu huwa hakuna mjadala tena: saratani. Ami yangu, mtu wa Wete, Pemba, aliambiwa hivyo na aliyemshikia mashine, daktari hata hajamwona. Jioni ile ile jamaa wakaanza kumiminika kumtazama.

Mie nasema hivi: altrasaundi huonesha uvimbe tu, haijui umetokana na nini. Na sisi wa visiwa hivi tuna kichocho, maradhi ya minyoo yanayopatikana kwenye maji ya vijito na mabonde. Mayai ya minyoo yake hunasa kwenye ukuta wa kibofu, mwili hupambana nayo, nyama ikavimba mpaka ikaota kinundu ambacho kwenye picha hufanana kabisa na saratani. Kwa hiyo mwambie daktari mapema ulikulia wapi. Ami tangu mdogo akioga kwenye vijito vya mabonde ya mpunga, wala hakuna aliyemuuliza mpaka binti yake aliposema mwenyewe.

Mkojo wa kutafuta mayai utoe baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndipo yanapotoka kwa wingi, na matone ya mwisho usiyaache. Yasipoonekana, bado: kichocho cha zamani huweza kubakisha mayai ndani ya nyama, kwenye mkojo yasije. Ndivyo ilivyokuwa kwa ami. Jibu lilipatikana walipomwingiza kamera kwa njia ya mkojo, wakakata kinyama kikapelekwa maabara. Kungojea majibu yale, wallahi, kulimkondesha kuliko maradhi. Karatasi ikarudi: mayai ya kichocho, saratani hakuna.

Akapewa prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Kula kwanza, vidonge vichungu vile na vinatia kichefuchefu. Miezi kadhaa baadaye alipopimwa tena, kinundu kilikuwa kimenywea.

Sasa wako wanaoisikia habari hii wakataka kumeza dawa na kukaa nyumbani. Hao nagombana nao. Kichocho kilichokaa miaka kinaweza chenyewe kuzaa saratani ya kibofu, na vyote viwili vikamkuta mtu mmoja. Kinyama lazima kipimwe. Ukiambiwa kibofu kitolewe na karatasi ya maabara hujaiona, iulizie. Na damu ikirudi baada ya dawa, rudi kwenye kamera. Ami haipendi hata kuisikia ikitajwa, lakini akiitwa huenda.