Nilihama Shule kwa Sababu ya Mshahara

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama mwalimu anayeacha shule na kwenda kufundisha watu wa ofisini programu za kompyuta huwa ameukimbia ualimu. Najua mtaletewa majibu mengi ya wito na uzalendo. Mimi nianze na pesa. Niliacha kufundisha shule ya msingi hapa Jinja, Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu mshahara haukufika kwenye karo ya watoto wangu mwenyewe, na aliyenifungulia mlango ni shemeji yangu aliyekuwa akiuza kompyuta kuukuu mjini. Anayetaka kuniita mkimbizi na aniite, ila kwanza asikie nilikwenda na nini.

Nilikwenda na cheti cha Grade III, yaani cha ualimu wa shule ya msingi, na miaka mingi ya P.3, darasa la tatu. Mwaka 1997 serikali ilipofuta karo ya shule za msingi kwa watoto wanne wa kila familia, wanafunzi nchini waliruka kutoka milioni 3 hivi hadi zaidi ya milioni 5 kwa mwaka mmoja. Sisi wa Walukuba, mtaa wa hapa Jinja, tulipokea watoto wa Kisoga, Kiluo, Kisamia na Kinubi, wakicheza kwa Kiswahili uwanjani na kubanana darasani hadi mlangoni. Kwa wingi ule huwezi kumkalia kila mtoto. Unajifunza kulisoma kosa lake. Mtoto akiandika 52 kutoa 27 ni 35, hajabahatisha. Ameshika kwamba namba ndogo hutolewa kwenye kubwa, kwa hiyo ametoa 2 kwenye 7, kisha 2 kwenye 5. Ukimpigia X nyekundu tu, kesho atakuletea nyingine ileile. Ukiiona njia aliyopita, unamnyoosha yeye pamoja na nusu ya dawati lake.

Vijana niliowakuta kwenye chuo kidogo cha kompyuta nilikokwenda kufundisha walikuwa mafundi kweli, wakiijua mashine kuliko mimi. Ila walifundisha Excel, programu ya majedwali na hesabu, kwa kuipitia menyu kuanzia kushoto hadi kulia, na watu wazima wakawa wanaandika kila kitu daftarini na kuitikia. Mtu anarudi ofisini, anajaza namba kwenye jedwali, anavuta kalkuleta, anajumlisha pembeni, halafu anaandika jumla kwa mkono. Hilo nimeliona sana, hata kwa wenye vyeti ukutani.

Kuna katibu muhtasi mmoja simsahau, mama wa makamo mwenye vidole vyepesi mno. Jumla zake hazikukubali kutoka, na fomula aliiandika sawasawa. Mkufunzi kijana akawa anamwambia, "Mama, rudia," naye akarudia, na jibu likatoka bovu vilevile. Nikasimama nyuma yake nikaangalia mikono, si skrini. Alipofika kwenye 1 hakugusa safu ya namba kabisa. Alibonyeza herufi l ndogo. Kwenye sifuri alibonyeza O. Alikuwa mtu wa taipureta, na taipureta nyingi za zamani hazikuwa hata na kitufe cha 1, l ndogo ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Kwenye karatasi nani angejua? Excel inajua. Ikiona herufi ndani ya kisanduku hukichukulia chote kuwa maandishi, na fomula ya kujumlisha hukiruka bila kutoa neno. Ushahidi ulikuwa mbele yetu sote: namba husogea kulia, maandishi hubaki kushoto, na "namba" zake nyingi zilikuwa zimelala kushoto. Nilipomwonyesha akacheka mpaka akavua miwani. Nikamwambia alifundishwa vizuri, ila mashine imebadilika.

Tarehe nazo zilitusumbua. Kompyuta nyingi zilitufikia zikiwa zimepangwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi ukitangulia siku. Ukiandika 03/04 inaipokea kimyakimya kuwa Machi 4, ukiandika 13/04 inaiacha kuwa maandishi. Mhasibu analaumu virusi.

Mwaka 2006, maji ya Ziwa Victoria yaliposhuka na umeme ukawa wa mgao, sisi tunaoishi jirani na bwawa la umeme lenyewe tulikaa gizani na wenzetu. Nilichora jedwali ubaoni kwa chaki, kila mtu nikampa kisanduku chake na namba yake. Mpaka leo naamini lile lilikuwa somo langu bora la fomula.

Sasa upande wa pili, maana wanaouliza swali hili hawaulizi bure. Kuna kitu niliachana nacho. Ofisini unapewa watu siku tatu, mnapiga picha ya pamoja, basi. Shuleni unampokea mtoto Februari hajui kushika penseli, kabla ya Krismasi anakusomea barua ya mama yake. Hiyo niliikosa sana, na kompyuta ilipoingia kidato cha tano kuwa somo dogo la kuchagua badala ya hisabati ndogo, nikarudi kufundisha S.5 kwa vipindi. Nikakuta watu wa aina nyingine kabisa: vijana wanabonyeza kabla ya kusoma, wakati wazee wangu wa ofisini husoma mara tatu na bado hawabonyezi.

Siku hizi ofisi ikiniita natoa sharti moja. Bei yangu ina siku ya ziada, mwezi mmoja baada ya mafunzo, nirudi nikae nyuma ya watu wakiwa kwenye kazi zao za kweli, pale ambapo kalkuleta hutoka kwenye droo. Mabosi wengi huikata siku hiyo kwanza, wakisema watu wameshafundishwa. Hao nawaelekeza kwa wale vijana wa menyu.