Bima mbili, ndoa moja: je, HSA zetu zitatutia faini?

*Shikamoo Shangazi. Mimi na mume wangu tunaishi Columbus, Ohio. Bima yangu ya kazini inatuhudumia mimi na watoto wetu wawili. Mume wangu, mwenye miaka 56, ana bima yake peke yake huko anakoendesha malori. Zote mbili ni za HDHP (bima ambayo unajilipia kiasi kikubwa kwanza kabla haijaanza kulipa), na kila mmoja ana akaunti yake ya HSA, ile ya kuweka akiba ya matibabu bila kukatwa kodi. Kwa kila cheki ya mshahara ya wiki mbili mimi nakatwa dola 300 za HSA, yeye 150. Januari mwajiri wangu aliniwekea 750, na wake akamwekea 500. Mwaka huu wa 2026 tumeshapokea cheki 13. Sasa anayetujazia fomu za kodi anasema tunazidisha na tutatozwa. Mume wangu hataki kusikia: bima ni yake, akaunti ni yake, na salio hanionyeshi. Tena anataka kutumia kadi ya HSA kulipia matibabu ya macho ya mama yake aliyeko Tanga. Nani yuko sahihi? — Mwenye Dukuduku*

Marahaba, mwanangu.

Anayewajazia fomu yuko sahihi. Mume wako naye hajakosea yote, maana akaunti kweli ni yake: sheria ya Marekani haina HSA ya pamoja ya mke na mume, hata mngeitaka. Lakini akaunti ni ya mtu, kikomo cha kuchangia ni cha ndoa.

Kwa 2026, mwenye bima ya HDHP ya peke yake anaruhusiwa kuweka dola 4,400 kwa mwaka, na wenye bima ya familia 8,750. "Familia" hapa ni bima yoyote inayomhudumia mtu zaidi ya mmoja, hata mama na mtoto tu. Mmoja wenu akishakuwa na HDHP ya familia, IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inawahesabu nyote wawili kuwa nayo, ingawa mume hamo kwenye bima yako. Kwa hiyo hamjumlishi 8,750 na 4,400. Mnagawana 8,750 moja. Hata mngekuwa na bima mbili za familia, kikomo kingebaki hicho hicho.

Mume wako ana nyongeza. Aliyefikisha miaka 55 kabla mwaka kwisha huongezewa dola 1,000, ila lazima ziingie kwenye akaunti yake mwenyewe, haziwezi kuhamia kwako. Jumla ya nyumba yenu basi ni 9,750, na pesa za waajiri zimo humo humo. Watu wengi huisahau ile ya mwajiri wakidhani ni zawadi ya pembeni.

Mkiendelea mnavyokatwa sasa, baada ya cheki 26 wewe utafikisha 8,550 na yeye 4,400. Hiyo ni 12,950, yaani 3,200 juu ya kikomo. Usitegemee idara ya mishahara iwashtue. Kwako wanaona hujavuka 8,750, kwake wanaona hajavuka kikomo cha mtu mmoja, na ofisi hizo mbili hazijuani.

Habari njema ni kwamba hamjazidisha bado. Mpaka cheki ya 13 wewe una 4,650 (3,900 zako na 750 za mwajiri), yeye ana 2,450. Jumla ni 7,100, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni 2,650 kwa cheki 13 zijazo. Yeye akisimamisha makato yake sasa, wewe shusha yako kutoka 300 hadi 203. Mtamaliza mwaka na 9,739. Na kama kusimamisha yake atakuona unamnyang'anya, geuzeni: wewe simama, yeye apandishe kutoka 150 hadi 203. Jumla ni ile ile, na kodi haijali. Makato ya HSA hubadilishwa wakati wowote, si lazima kusubiri msimu wa kuchagua bima. Ila yabaki kupitia mshahara. Ukiweka mwenyewe kutoka benki utapata nafuu ya kodi ya mapato tu, na ile asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare (makato ya pensheni na bima ya wazee) itakuwa imeshakatwa.

Sasa jambo linalohitaji mkae mezani. Sheria inasema kikomo cha familia kinagawanywa nusu kwa nusu, 4,375 kila mmoja, isipokuwa mmekubaliana vingine. Wewe umeshapita nusu hiyo, kwa hiyo bila makubaliano uko kwenye kosa. Hakuna fomu maalumu. Andikeni kwenye karatasi, kwa mfano kama yeye ndiye aliyesimamisha: "2026: mke 7,300, mume 1,450, na nyongeza yake 1,000." Wekeni sahihi na tarehe, iwe pamoja na karatasi zenu za kodi. Namba hizo ndizo zitakazoingia kwenye Fomu 8889, fomu ya kodi ya HSA, na kila mmoja hujaza yake hata mkiwasilisha kodi pamoja. Mgao huandikwa mstari wa 6, nyongeza ya mume mstari wa 7. Makato ya mshahara pamoja na pesa za mwajiri huonekana kwenye W-2 (hati ya mshahara wa mwaka anayotoa mwajiri), sanduku la 12, herufi W, nayo huenda mstari wa 9. Wengi huyaandika pia mstari wa 2, na hapo wanajikuta wamezidisha kwenye karatasi pesa ambazo hawakuzidisha kweli.

Kwa hiyo, mwanangu, siri ya mume ina mwisho: herufi W itamtaja. Mwonyeshe yako kwanza, huenda akafungua yake.

Mkichelewa na mwaka ukaisha mmezidisha, msiache hivyo hivyo. Ziada inatozwa asilimia 6, na inatozwa tena kila mwaka inapoendelea kukaa humo. Kwa 3,200 ni dola 192 kila mwaka. Dawa yake ni kuitoa pamoja na faida iliyozaa kabla ya tarehe ya mwisho ya kodi, ikiwemo muda wa nyongeza mkiuomba. Mwambieni anayetunza akaunti kwamba mnaondoa mchango uliozidi, kwa fomu yake. Mkichomoa kwa kadi kama matumizi ya kawaida, ziada haijaondoka na mmejiongezea kosa la pili. Kiasi kinachotolewa kwa ile fomu kinahesabiwa kuwa mapato na kinakatwa kodi, basi.

Msimu wa kuchagua bima ukifika, mume akiletewa FSA ya matibabu ya kawaida (akaunti nyingine ya kazini ya kulipia matibabu kabla ya kodi), asiichukue. Akiichukua, hata wewe hutaruhusiwa kuchangia HSA yako, kwa sababu FSA hiyo inaweza kulipa bili zako ingawa hujawahi kuigusa. FSA ya meno na macho pekee haina tatizo.

Kuhusu mama mkwe: HSA ya yeyote kati yenu inaweza kulipia wewe, yeye au watoto, bila kujali nani yuko kwenye bima ya nani. Mume akiwa likizoni Dar akamwona daktari, anaweza kulipia kwa HSA na kuhifadhi risiti. Lakini mzazi anayeishi Tanga, ambaye si raia wa Marekani, hahesabiwi kuwa tegemezi kwa sheria hii, hata mkimtumia pesa kila mwezi. Akilipiwa dola 600, kwanza zitakatwa kodi ya mapato, kisha adhabu ya asilimia 20, yaani 120 zaidi. Macho ya mama yatibiwe, ila kwa pesa za mshahara: zile 97 mtakazoacha kukata kwako na 150 zake zitarudi mfukoni kila wiki mbili, zikiwa pungufu kidogo kwa kodi.