Wosia upo sandukuni, lakini msimamizi wake tumeshamzika

*Shangazi, asalaam aleykum. Nina miaka 63, ninaishi Newala. Mume wangu ana 74. Mwaka 2009 aliandika wosia, akamweka mwanetu wa kwanza awe msimamizi wa mirathi. Mwanetu alifariki 2019, akatuachia wajukuu wawili tunaowalea. Tangu wosia ule uandikwe tumenunua eka nne za mikorosho kijijini, tumejenga nyumba ya tofali, na mzee ameoa mke wa pili Masasi. Nikimgusia anasema wosia upo sandukuni, nisimtabirie kifo. Wifi zangu wameanza kusema nina haraka ya mali. Nifanyeje?*

Waaleykum salaam, dada yangu. Pole sana kwa mwanao. Huna haraka ya mali. Una wajukuu wawili ndani ya nyumba, na naanza na hao kwa sababu ndio walio hatarini kuliko wewe.

Katika mirathi ya Kiislamu, mtoto akitangulia kufa kabla ya baba yake, fungu lake halishuki kwa wanawe. Mzee akiondoka leo na ana mtoto wa kiume aliye hai, wajukuu hao hawapati kitu. Wengi hulijua hili siku ya kugawa, watoto wamekaa mkekani wanawatazama baba zao wadogo. Mlango wao ni theluthi. Mzee anaruhusiwa kuusia mpaka theluthi moja ya mali yake kwa wasio warithi, na wajukuu hawa ndio hasa. Eka moja katika zile nne, ikitajwa kwa mipaka yake, inaweza kuwasomesha. Lakini lazima aseme akiwa hai, na wosia wa 2009 huenda hauwataji, maana siku ile baba yao alikuwepo.

Kwako wewe ni tofauti. Mke ni mrithi, na mrithi hausiwi juu ya fungu lake mpaka warithi wenzake waridhie. Fungu la mke, mume akiwa ameacha watoto, ni thumni, yaani moja ya nane, na sasa mko wawili, mtaigawana. Mzee akitaka nyumba ile ibaki kwako, akupe hiba, yaani zawadi, sasa, akukabidhi kweli mbele ya watu. Tena usichanganye chako na chake. Kama zile eka nne zimenunuliwa na jasho la wote wawili, sehemu yako si mirathi ya mtu. Nendeni halmashauri ya kijiji muombe hati ya hakimiliki ya kimila yenye majina yenu wawili.

Baba yangu mzazi, huko Lindi, aliacha wosia kwenye karatasi ya daftari, ndani ya kopo la biskuti. Mwandiko mzuri, mashahidi wamesaini. Msimamizi aliyetajwa alikuwa amekufa miaka sita kabla yake, na shamba alilonunua uzeeni halikuwemo. Tulibishana misimu mitatu. Hakuna aliyethubutu kupalilia wala kupulizia salfa, asije akaambiwa amejimilikisha. Nilikwenda mara moja mwezi wa kwanza, nikakuta korosho zimedondoka, hazikuokotwa, zimeota chini ya mti. Nililia pale pale. Ndugu zangu wawili hawasemezani mpaka leo.

Kuhusu wifi zako, usiwachukie. Kwetu Wamakonde ukoo unafuata mama, na wapwa tangu zamani wana jicho kwenye mali ya mjomba. Mzozo ukifika mahakamani, hakimu ataangalia marehemu aliishi vipi: kwa dini yake au kwa mila. Mzee akiandika wazi kwamba mirathi yake igawanywe Kiislamu, amewapunguzia wote ugomvi, wifi zako wakiwemo.

Basi wosia mpya uandikwe. Uwe na tarehe, useme kwamba unafuta ule wa 2009, umtaje msimamizi aliye hai na mwingine wa akiba, na mashahidi wasiwe warithi. Mke wa Masasi na watoto wake watajwe. Ukimficha, yeye ndiye atakayefungua kesi, na atakuwa na haki. Nakala moja itunzwe RITA, wakala wa serikali unaohifadhi wosia, msimamizi ajue ilipo.

Pembeni iwepo orodha, na hii hata wewe unaweza kuianza kesho: mashamba yote na majirani wa kila mpaka, mikorosho iliyowekwa rehani na kwa nani, deni la pembejeo, akaunti inayoingia malipo ya korosho, laini za simu zenye pesa. Madeni hulipwa kabla ya mtu yeyote kurithi, na akaunti ya marehemu haiguswi mpaka mahakama imthibitishe msimamizi. Msimu wa mnada hautawasubiri. Ipitieni orodha hiyo kila mwaka malipo yakishatoka, maana karatasi zote zinakuwa mezani.

Sasa namna ya kumwambia. Usianze na kifo, wala usiwatume watoto. Mtume alituambia haimpasi Muislamu mwenye kitu cha kuusia alale nyusiku mbili bila wosia wake kuandikwa, kwa hiyo mzee alishatimiza. Mpe sifa hiyo kwanza, anastahili. Kisha usiku mmoja baada ya isha, wajukuu wakiwa wamelala, mwombe alitoe sanduku akusomee karatasi ile kwa sauti, kwa kuwa macho yako hayaoni vizuri. Asome taratibu. Akifika kwenye jina la mwanenu, usiseme neno. Mwache anyamaze kadiri anavyotaka, kisha mwulize wale wawili waliolala chumbani wameandikwa wapi.