Tuanzie kwa jike

Mhariri, umeuliza wiki hii kama mbwa wa nyumbani ahasiwe au aachwe alivyo. Mimi nasema ahasiwe, na tuanzie kwa jike, maana hapa Moshi mazungumzo yote huishia kwenye ukali wa dume.

Jike huingia kwenye joto takriban mara mbili kwa mwaka. Sisi wa Pasua tunajua inavyokuwa: madume wa mtaa mzima wanalala kwenye michongoma yako, wanang'atana usiku kucha, na asubuhi watoto wanapita hapo hapo kwenda shule. Wengi wa mbwa hao hawajachanjwa kichaa. Siku kama 63 baadaye una watoto sita au saba. Madume huombwa hata hawajafumbua macho. Majike hawana wa kuwataka, wanatiwa kwenye kiroba na kutupwa karibu na soko, wakilia humo ndani. Hilo ndilo linaloniuma, na ndiyo sababu yangu ya kwanza.

Ya pili ni afya yake. Jike asiyehasiwa, hasa akishazeeka, anaweza kujaa usaha kwenye mfuko wa uzazi wiki chache baada ya joto: anakunywa maji kupita kiasi, chakula hataki, na asipowahishwa kutibiwa hufa. Akihasiwa kabla ya joto la kwanza, hatari ya saratani ya matiti hushuka sana.

Baba watoto alishikilia kwamba dume akihasiwa halindi tena. Wetu amehasiwa na mgeni bado hashuki kwenye bodaboda mpaka mbwa afungwe. Asiyelinda ni yule aliyeruka ukuta kufuata jike Majengo.

Mbwa wa mbegu kubwa, kama German Shepherd, ni vizuri asubiri mwaka au zaidi mifupa ikomae. Mbwa akishahasiwa mpunguzie ugali, hunenepa upesi. Ila kazi ifanywe na daktari wa mifugo, kwa nusukaputi na dawa ya maumivu. Wa kuja na wembe uani, tafadhali mrudishe getini.

Na kama hela haijapatikana, jike afungiwe ndani wiki zote tatu za joto. Damu inayomtoka siku hizo ikipungua usimfungulie, maana hapo ndipo anapokubali dume.