Mikono Ije Mwisho: Nilivyojifunza Swingi ya Gofu Nikiwa Mtu Mzima

Nilishika fimbo ya gofu kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 43. Nimezaliwa Lubumbashi, mji wenye mtaa mzima unaoitwa Golf, na kwa miaka mingi nilipita kando ya uwanja nikienda kazini bila kuwaza kwamba yale majani mabichi yananihusu. Mwenzangu wa kazini aliponialika Jumamosi moja, nilikwenda na imani kubwa. Mpira umetulia chini, hakuna anayekuzuia, na mikono ninayo: nimekua nikifyeka majani kwa kupekupe, yaani panga, nikipasua kuni, nikilima mahindi pembeni mwa mji kila mvua zinapoanza.

Mpira wa kwanza niliukosa kabisa. Wa pili ulikwenda kulia, ukapotelea kwenye miti. Ikawa hivyo kwa karibu miezi mitatu. Kila aliyepita nyuma yangu alinipa neno lake: inamisha kichwa, nyoosha mkono wa kushoto, tuliza magoti, piga kwa nguvu zaidi, punguza nguvu. Mtu mmoja mwenye nia njema alinipa maagizo manane kwa saa moja. Nilirudi nyumbani nimechoka akili kuliko mabega.

Ninaandika kwa ajili ya yule anayeanza baada ya miaka 30, 40 au 50. Mtoto akipewa fimbo anaiga tu anachokiona. Sisi mwili wetu umeshafanya kazi nyingi na unazikumbuka zote. Ukiona kitu chini cha kupigwa, unakwenda moja kwa moja kwenye kazi unayoijua. Wangu ulikwenda kwenye kufyeka.

Aliyeligundua hilo ni kedi mmoja. Namwita Yaya, maana huku kwetu yaya ni ndugu mkubwa, awe mwanamume au mwanamke, na huyu amebeba mifuko ya wachezaji tangu ujana wake. Alinitazama nikipiga mipira mitano, akasema, "Baba, ile haiko majani ya kukata." Akachukua draiva, ile fimbo ndefu ya mapigo ya mbali, mkononi mwangu, akairudisha mfukoni, akanipa chuma namba 7, fimbo fupi zaidi yenye kichwa cha chuma. Halafu akaniuliza kama nimewahi kuangalia vizuri mama anavyosonga bukari, yaani ugali, ya kwenye kilio.

Nimeangalia mara nyingi. Sufuria ni kubwa, unga ni wa kulisha watu wengi, mwiko ni mrefu kama mpini wa jembe. Mama anayejua anapanua miguu, anakunja magoti kidogo, na mwiko unazunguka kwa kuwa kiuno kinazunguka. Mikono kazi yake ni kushika. Msichana anayejifunza anasonga kwa mabega. Muda mfupi tu amechoka na bukari ina madonge. Yaya akasema swingi, yaani kuzungusha fimbo ili upige mpira, ni hiyo hiyo. Tangu siku ile sijasikia maelezo ya gofu yaliyoniingia kuliko hayo.

Basi fanya hivi, kama unatumia mkono wa kulia. Simama miguu ikiwa na upana wa mabega, inama kutoka kwenye nyonga, mgongo usipinde kama wa mtu anayetafuta sarafu. Ukirudisha fimbo nyuma, geuza kifua mpaka bega la kushoto lifike chini ya kidevu. Kiuno kinageuka pia, ila karibu nusu tu ya mabega. Hapo juu ndipo mtu mzima anapoharibu: anashtuka, mikono inataka kushuka kwanza. Izuie. Uzito uanze kurudi kwenye mguu wa kushoto, kiuno kifuate, kifua kifuate, mikono ije mwisho, fimbo ikiwa imechelewa nyuma yake. Ukimaliza, kitovu kiwe kinatazama kule unakopeleka mpira na kisigino cha kulia kiwe kimeinuka. Usipoweza kubaki umesimama hivyo bila kuyumba, ulipiga kwa mikono.

Nguvu haihitajiki kama tunavyodhani. Sheria za gofu haziruhusu mpira uzidi gramu 45.93, ni mwepesi kuliko yai la kawaida la dukani. Fimbo inapougusa, inakaa nao kwa takriban sekunde 0.0005. Nilipolijua hilo niliacha kujaribu kuuelekeza mpira wakati wa kuupiga, maana hakuna mkono wa binadamu unaoweza kurekebisha kitu ndani ya muda huo. Yote yameshaamuliwa kabla: umeshikaje, umesimamaje, umegeukaje. Na mji wetu uko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kidogo, pigo lile lile linafika mbali zaidi kuliko kwa watu wa pwani.

Kushika kulinichukua wiki tatu, na sijutii hata siku moja. Nilikuwa nashika kama mpini wa shoka, ndani ya kiganja. Fimbo ya gofu inalala kwenye vidole vya mkono wa kushoto, kiganja kinafunika juu. Mkono wa kulia unakuja chini yake, na kidole chake kidogo kinakaa juu ya vidole vya kushoto. Mshiko huo unaitwa kwa jina la Harry Vardon, aliyeshinda mashindano ya Open ya Uingereza mara sita, kati ya 1896 na 1914. Wengine wanasokota kidole hicho na cha kushoto, kama Jack Nicklaus na Tiger Woods. Chagua mmoja, ukae nao. Utahisi vibaya, utahisi kama fimbo itaruka mkononi, na kila siku utashawishika kurudi kwenye mshiko wa shoka. Nilikuwa naiweka fimbo karibu na kiti changu jioni, naishika, naiachia, naishika tena huku tukizungumza na mke wangu, mpaka vidole vikazoea.

Sasa ile mipira ya kulia. Mpira unapinda kulia kwa sababu uso wa fimbo, ule unaogusa mpira, uko wazi, yaani umeelekea kulia ukilinganisha na njia ambayo fimbo inapita. Mtu akiona mpira unakwenda kulia, anajigeuza alenge kushoto. Njia ya fimbo inazidi kukata kuelekea kushoto, uso unabaki ule ule, na mpira unapinda zaidi. Nilifanya hivyo miezi mitatu yote. Dawa yangu ilikuwa mshiko, pamoja na kuzungusha mikono yote miwili kidogo kulia juu ya fimbo, hadi nikitazama chini nione vifundo viwili vya vidole vya mkono wa kushoto, wakati mwingine vitatu.

Kosa jingine ni kutaka kuuinua mpira. Unauona uko chini, unajipinda nyuma uuchote, na fimbo inagonga udongo kabla ya kufika. Kiangazi, kuanzia mwezi wa tano, ardhi yetu inakauka hadi inakuwa kama tofali. Kosa hilo linalipwa na kifundo cha mkono, na mimi nilikaa siku kumi bila kushika fimbo. Chuma kina mlalo wake, yaani uso wake umelala nyuma kidogo, na mlalo huo ndio unaopandisha mpira. Wewe shuka juu ya mpira kwanza, udongo baadaye. Yaya alichora mstari kwenye mchanga, akaniambia nipige bila mpira, alama ya fimbo iwe upande wa mbele wa mstari. Zoezi hilo ni la bure, na ningemshauri mtu alifanye kabla ya kununua chochote. Sheria zinaruhusu fimbo 14. Mimi nilijifunza mwaka mzima kwa tatu za kuazima.

Nyumbani nilitundika blanketi zee kwenye kamba, nyuma yake kuna kichuguu kikubwa kilichokuwa pale kabla ya nyumba. Dakika kumi na tano, mara nne kwa wiki, nusu yake bila mpira, mapigo madogo yasiyopita kiuno. Baada ya mwezi nikaruhusu mikono ifike kwenye kifua. Watu wanapenda kupiga mipira mia siku moja; kwa mtu mzima hiyo ni kuumiza mgongo na kukomaza kosa. Mwombe mtoto wako akupige video kwa simu, kutoka ubavuni na kutoka mbele. Utashangaa jinsi unachohisi kilivyo mbali na unachofanya.

Kwa anayeona amechelewa: Larry Nelson wa Marekani alianza gofu akiwa na miaka 21, baada ya kurudi kutoka vita vya Vietnam, na akashinda mataji matatu makubwa, ya 1981, 1983 na 1987. Sisi hatutafuti mataji, lakini swingi yake ilijengwa na mtu mzima, na hilo linanitosha.

Yaya alinirudishia draiva katika mwezi wa sita wa mafunzo. Mipira miwili ya kwanza ilikwenda kulia. Nilisikia mabega yanakaza, kupekupe inarudi. Nikaiweka draiva mfukoni mwenyewe, nikachukua chuma namba 7, nikapiga mapigo madogo kumi hadi kiuno kikaanza kutangulia tena. Yaya alikuwa amekaa juu ya mfuko, hakusema neno. Kisha akasimama, akaniwekea mpira mwingine.