Kona za picha zimeingia giza, shangazi amenuna

SWALI

Shikamoo mzee. Napiga picha za harusi hapa Mwanga, Kigoma. Kamera yangu ni ile ya kuchungulia yenye sensa ndogo, lenzi ni ya milimita 18–55. Jumamosi niliwapanga watu 14 mbele ya stesheni ya reli, nikafungua lenzi hadi 18, upana wake wa mwisho, ili wote waenee. Nilipochungulia sikuona kasoro. Picha zilipotoka, kona zote nne zina giza, na shangazi wa bwana harusi, aliyesimama mwisho kushoto, anaonekana kama yuko chini ya mwembe. Amenuna. Fundi mmoja kaniambia lenzi imeingia fangasi, ninunue nyingine. Mbele ya lenzi nina filta ya UV, kile kioo cha kukinga lenzi, na juu yake polaraiza, filta ya kupunguza mng'ao. Nifanyeje?

JIBU

Marahaba mwanangu. Hela ya lenzi mpya iache mfukoni. Fangasi huifubaza picha, haijipangi kwenye kona nne kwa usawa namna hiyo.

Naanza na filta zako, maana hapo yalinikuta mimi. Polaraiza ina pete mbili, ndiyo maana inazunguka, kwa hiyo ni nene kuliko filta ya kawaida. Ukiipandisha juu ya UV umejenga ukuta mbele ya kioo, na kwenye 18 lenzi inatazama kwa upana hadi inauona ukuta wenyewe. Enzi za filamu nilikwenda bandarini kuipiga MV Liemba kwa lenzi ya 28, filta mbili mbele, nikamaliza mkanda mzima wa picha 36. Siku ya kusafisha nikakuta meli yote ile, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, iko kama inachunguliwa kwenye tundu la ufunguo. Na mteja yuko mlangoni ananisubiri.

Sikuona mapema kwa sababu ileile iliyokuponza wewe: kamera nyingi za kuchungulia hukuonyesha kama asilimia 95 tu ya picha. Kinachofichwa ni kingo na kona.

Lakini hata ukitoa filta, giza kidogo litabaki, na hilo ni la lenzi yenyewe. Chukua kipande kifupi cha bomba la maji ukitazame moja kwa moja: tundu ni duara. Kiinamishe kidogo, tundu linabana na kuwa kama punje ya kunde. Mwanga unaokwenda kwenye kona hupita ndani ya lenzi ukiwa umeinama hivyo, ukingo wa mbele na wa nyuma unaumega. Ukipiga kwa f/3.5, yaani tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, unamegwa sana. Ukibana hadi f/8, tundu linakuwa dogo katikati ya bomba, kingo hazilifikii tena. Kisha lipo la maumbile: mwanga wa kona husafiri mbali zaidi na kutua kwa mshazari. Kwa hesabu, mwanga unaoingia kwa nyuzi 45 hubaki robo ya ule wa katikati, yaani umepoteza stopu 2, kila stopu ikiwa ni kupungua kwa nusu ya mwanga. Waundaji wa lenzi pana hulipunguza hilo kwa namna wanavyopanga vioo, ila hawalimalizi.

Pima nyumbani kwenye ukuta mweupe, kivulini, lenzi ikiwa 18. Bila filta piga f/3.5, f/5.6 na f/8. Halafu rudisha filta zote mbili upige tena f/8. Giza linalofifia polepole, na kupungua kadiri unavyobana, ni la lenzi. Giza lenye ukingo unaoonekana, lisilojali hata ubane vipi, ni la filta, au la hudi, kile kikinga-jua cha mbele ya lenzi, iliyofungwa upande. Hudi zile zenye petali angalia zimekaa sawa.

Siku nyingine, picha ya kundi piga kwa f/8, bila filta hata moja. Polaraiza mbele ya ukuta inakunywa mwanga bure. Rudi nyuma hatua kadhaa upige kwa 24. Ukuta wa stesheni ni mweupe na umejianika. Mbele ya miti pengine hakuna ambaye angegundua. Tena 18 humnenepesha aliyesimama pembeni, ila hilo shangazi usimwambie.

Kamera nyingi za sasa zina marekebisho ya kona kwenye menyu, mradi ziitambue lenzi. Yanaingia kwenye JPEG, picha ambayo kamera imekwisha kuitengeneza. RAW, yaani faili ghafi, utaishughulikia mwenyewe kwenye kompyuta. Usiyategemee sana, kwani kuinua kona, yaani kuiongezea mwanga, huleta chenga, vile vidoadoa, hasa picha za ukumbini zilizopigwa kwa ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) kubwa. Na pale pete ilipoziba mwanga kabisa, hakuna cha kuinua. Mimi picha ya bibi harusi peke yake huiachia giza kidogo pembeni, jicho liende usoni. Picha ya ukoo haivumilii mchezo huo, kila mtu anajitafuta mwenyewe kwanza.

Ya Jumamosi ifungue kwenye kompyuta, inua kona moja moja, ukianza na ya kushoto. Uso wa shangazi ukitokea vizuri, safisha nakala moja kubwa umpelekee mwenyewe nyumbani, na hela usidai.